Kumbe lile "dume" la Minjingu ni bibi: tuelewane kuhusu tembo

Kama umewahi kupanda basi la Arusha kwenda Babati, likachelewa kutoka stendi mkafika Minjingu jua linazama, basi kuna siku hii kitu itakukuta. Basi linapunguza mwendo, dereva anazima muziki, watu wanasimama kwenye siti na simu mkononi, na kule mbele kwenye lami kuna tembo mmoja kasimama kiubavu katikati ya barabara kama trafiki. Mimi siku yangu ilikuwa hivyo. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika kwa chini kama khanga iliyonaswa kwenye msumari, mkonga kaunyanyua juu umejikunja ncha yake ikawa inageuka kule tulipo sisi, anatunusa, yaani basi zima lenye watu sitini na magunia ya vitunguu ananusa tu taratibu. Nyuma yake wenzake wakaanza kukatiza, wakubwa pembeni wadogo katikati, na kimoja kidogo kabisa kinakimbia huku mkonga unakipiga piga magotini kama vile hakijajua ile kitu kazi yake nini.

Konda akasema, "Aisee hilo dume ndio baba lao." Mzee mmoja nyuma yangu akaongezea kwamba lile zee lingevunwa tu, yaani lipigwe risasi, limeshazeeka, wenzake wangetawanyika wakaacha mashamba ya watu. Basi zima likakubali. Na mimi nilikubali pia, nisijifanye mjuaji hapa.

Baadaye nikamsimulia jamaa yangu mmoja ambaye ni dereva wa watalii, yuko njia ya Tarangire zaidi ya miaka kumi, akacheka sana. Akaniuliza paji lake la uso lilikuwaje, lina kona au limeviringana? Nikakumbuka picha niliyopiga, tukaifungua, lina kona. Akasema hilo ni jike bwana, dume paji lake linakuwa la mviringo na kichwa kipana, halafu jike mzima ukimwangalia vizuri utaona matiti yako kifuani, katikati ya miguu ya mbele kama mama wa kibinadamu, hayako nyuma kama ng'ombe. Uliyemwona ni bibi, akasema, na wale waliopita ni wadogo zake, binti zake na wajukuu. Kwenye lile kundi madume wakubwa hawakuwepo hata mmoja.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusoma na kuuliza kuhusu tembo mpaka nyumbani wamechoka, na nilichogundua ni kwamba sisi watu wa Arusha tunaojidai wenyeji wa utalii mambo yao mengi tunayabeba kichwa chini miguu juu.

Kwanza lugha yenyewe imetuchanganya. Tembo na ndovu ni mnyama huyo huyo mmoja (kule pwani tembo ni pombe ya mnazi pia, ila hiyo tuiache). Halafu tunasema pembe za ndovu, wakati pembe ni kitu cha ng'ombe na mbuzi, yale ya tembo ni meno, ni meno ya mbele ya juu yaliyoota yakapitiliza, ndio maana siku hizi kwenye taarifa za habari utasikia wakisema "amekamatwa na meno ya tembo". Na kwa vile ni jino, lina sehemu iliyozama, karibu theluthi moja yake iko ndani ya fuvu, kwa hiyo jangili hawezi kukata kama anakata kuni akamwacha mnyama aende zake, anamuua kwanza halafu anachimba uso kwa shoka. Ndugu yake wa karibu anayeishi nchi kavu unamjua ni nani? Pimbi. Huyo huyo pimbi tunayemtumia kuwatukana watu wafupi, huyo wa kwenye mawe, mwangalie akifungua mdomo utaona vijino viwili virefu vya mbele. Baharini ndugu yao ni nguva. Familia ya ajabu kweli kweli.

Sasa turudi kwa bibi, maana hapo ndipo penye uzito.

Tembo jike hahami kwao. Anazaliwa kwenye familia ya mama yake na anakufa humo humo, kwa hiyo familia ni bibi, wadogo zake wa kike, binti zao na watoto wote, mara nyingi kama kumi hivi, na familia zenye undugu zinakutana na kuachana kutegemea majani na maji. Anayeongoza kwa kawaida ni jike mwenye umri mkubwa kuliko wote. Na hachaguliwi kwa kupigana wala kwa ubabe, ni kwamba akianza kutembea wengine wanatembea, akisimama wanasimama, akinyanyua mkonga wote wananyamaza. Unaweza ukasema hiyo heshima ya wazee tu, kama sisi tunavyomwachia babu kiti, lakini kuna mwaka mmoja pale pale Tarangire ulionyesha kwamba suala ni la kufa na kupona.

Mwaka 1993 kulikuwa na ukame mbaya sana Tarangire. Mtafiti anaitwa Charles Foley alikuwa ndio ameanza kuwafuatilia tembo wa kule, na yeye na wenzake walikuwa na makundi matatu wanayoyajua. Ndani ya miezi 9 ya ukame ule watoto 16 kati ya 81 walikufa, yaani mmoja katika kila watano, wakati mwaka wa kawaida wanakufa kama wawili kwenye mia. Sasa ajabu ni hii, vifo havikugawanyika sawa. Makundi mawili yalitoka nje ya hifadhi yakaenda kutafuta maji na malisho sehemu nyingine na watoto wao wengi wakapona. Kundi la tatu likabaki ndani ya hifadhi, likapoteza watoto wengi. Kwa nini wengine walijua pa kwenda na wengine hawakujua? Foley na wenzake wakaandika mwaka 2008 kwamba ukame mwingine mkubwa kama ule ulikuwa wa 1958 mpaka 1961, na kwenye yale makundi yaliyotoka kulikuwa na majike wazee wa kutosha kuwa waliuona ule, wakiwa wadogo, labda wakitembea nyuma ya mama zao kuelekea huko huko. Lile kundi lililobaki lilikuwa limepigwa sana na majangili miaka ya nyuma na wazee wake walishaisha. Yaani hakukuwa na mtu wa kukumbuka.

Mimi hii niliisoma mara mbili. Maana ukimpiga risasi bibi mwaka 1980 kwa ajili ya jino, hasara nyingine inakuja kuonekana mwaka 1993 kwa mtoto ambaye hata mimba yake ilikuwa bado.

Na ili uelewe kwa nini kukumbuka maji ni jambo kubwa hivyo, angalia mwili wenyewe ulivyo. Jike mzima ana kama tani tatu, dume anafika sita. Anakula zaidi ya kilo mia kwa siku, majani, magome, matawi, mizizi, na tumbo lake sio zuri kivile, karibu nusu ya anachokula kinatoka hivyo hivyo bila kumeng'enywa (ukikuta kinyesi cha tembo kipasue kwa kijiti uone, mbegu nzima nzima, na ndio maana miti mingine inamtegemea yeye kuipanda). Kwa hiyo inabidi ale muda mwingi sana wa siku, na usingizi wake porini ni kidogo mno, kuna majike waliofuatiliwa Botswana walikuwa wanalala wastani wa saa mbili tu. Maji ni lita mia na zaidi kwa siku. Sasa familia ya watu kumi wa namna hiyo haiwezi kukaa sehemu moja, itamaliza kila kitu. Lazima watembee, na kutembea bila kujua unakokwenda na kitoto cha miezi miwili nyuma yako ni kifo.

Ndio maana Tarangire kiangazi, Juni mpaka Oktoba, unakuta tembo wamejaa mtoni mpaka unafikiri wamekodishwa kwa ajili ya wazungu, halafu mvua zikinyesha unaenda huwaoni, wametawanyika, wengine Simanjiro, wengine upande wa Manyara. Njia ya kwenda Manyara inapita pale Kwakuchinja, na Kwakuchinja na Minjingu ndio hapo hapo ilipopita lami, zikajengwa nyumba, yakalimwa mashamba. Serikali inaita shoroba, yaani mapito ya wanyama. Watu wa basini tunaita "tembo wamevamia barabara". Yule bibi mwenye sikio lililochanika bila shaka alipitishwa pale na mama yake kabla hujazaliwa wewe.

Mkonga sasa. Hauna mfupa hata mmoja, ni misuli mitupu, makumi elfu ya vifungu vya misuli, na kwa kuwa hauna mfupa unakwenda kila upande, unaweza kung'oa tawi zima na unaweza kuokota punje moja kwa vile vidole viwili vya kwenye ncha. Maji hanywei kwa mkonga kama mrija wa soda, anavuta lita kadhaa anajimiminia mdomoni. Mtoto hajui kuutumia, anazaliwa na kilo kama mia na kitu baada ya mimba ya miezi 22, anasimama na kutembea siku hiyo hiyo, lakini mkonga unamchukua miezi mingi kuuzoea, mwanzoni anaukanyaga, anapiga magoti anywe maji kwa mdomo. Kile kidogo nilichokiona barabarani kilikuwa kinahangaika na hilo hilo. Na kunusa ndio usiseme, wanasayansi wa Japani walihesabu jeni za kunusa wakakuta tembo wa Afrika ana karibu 2,000, zaidi ya mara mbili ya mbwa. Macho ndio sio mazuri. Kwa hiyo bibi alipokuwa ananyanyua mkonga, ule ndio ulikuwa uangaliaji wake.

Masikio nayo yana kazi ya pili, yamejaa mishipa ya damu, akiyapunga damu inapoa inarudi mwilini. Basi, hilo ni rahisi.

Kuongea ndio kunanishangaza mpaka leo. Ile tarumbeta tunayoisikia ni sehemu ndogo tu, mengi wanayoongea ni mngurumo wa chini sana ambao sikio letu haliupati wote, mtafiti Katy Payne aligundua hilo mwaka 1984 akiwa kwenye zuu Marekani, alihisi hewa inatetemeka kama akiwa karibu na kinanda cha kanisani. Sauti hiyo inasafiri kilomita kadhaa, hasa jioni hewa ikipoa. Mwaka 2024 wakatoa utafiti wa tembo wa Amboseli na Samburu kule Kenya kwamba wanaitana kwa kitu kama majina, ukimchezea tembo mngurumo uliokuwa umeelekezwa kwake anageuka na anasogea haraka kuliko ukimchezea wa mwenzake.

Amboseli unaijua ilipo, ukisimama Sinya kule Longido ni hapo mbele tu, tembo wenyewe wanavuka mpaka bila paspoti wanakuja mpaka Enduimet chini ya Kilimanjaro. Huko huko walifanya jaribio lingine, likatoka 2014. Walirekodi watu wakisema "tazama, tazama kule, kundi la tembo linakuja", wengine Wamasai wanasema kwa Kimasai, wengine Wakamba kwa Kikamba, wakawachezea tembo kwenye spika. Sauti ya mwanaume wa Kimasai ikiwafikia wanajikusanya, wananusa hewa, wanarudi nyuma. Ya mwanaume wa Kikamba hawahangaiki sana. Ya mwanamke wa Kimasai au ya mtoto wa kiume, hawahangaiki sana vile vile! Kwa sababu mwanaume wa Kimasai ndiye anayeweza kuja na mkuki ng'ombe wakigombana na tembo majini. Kwa hiyo anajua lugha, anajua jinsia, anajua umri, kwa kusikia tu. Nilipomwambia jirani yangu wa Kimasai hii stori hakushangaa hata kidogo, alisema kwao tembo wana jina linalomaanisha mwenye mkono, na mwenye mkono ana akili.

Sasa madume. Hapa ndipo ile hoja ya mzee wa basini, "limezeeka, livunwe", inarudi kwa mlango wa nyuma, maana watu wakishajua bibi ni muhimu wanasema basi tuuwe madume wazee, wao si hawana familia.

Ni kweli dume anaondoka. Akifika miaka kumi na kitu anakuwa msumbufu, majike wanamchoka, anaanza kukaa pembeni mpaka anakwenda zake, anaishi peke yake au na madume wenzake. Lakini kupata mtoto hapati mapema. Kuna kipindi dume anaingia kwenye moto wa kutafuta majike, wataalamu wanaita masti, homoni zinapanda, upande wa kichwa kati ya jicho na sikio panatoka majimaji meusi, mkojo unadondoka tu, na ukimwona hivyo usimsogelee kabisa hata kama gari lako ni jipya. Masti ya kweli inaanza kwenye miaka 25 hadi 30, na wanaozalisha zaidi ni wa miaka 40 na 50. Kwa hiyo lile "zee lililomaliza kazi" ndio kwanza liko kazini.

Na lina kazi ya pili ya kuwatuliza vijana. Afrika Kusini kwenye hifadhi ya Pilanesberg walileta tembo wadogo mayatima, wakakua bila wazee, madume yakaingia masti yakiwa na miaka kama 18 yakawa machalii wa mtaani kabisa, miaka ya 90 yaliua faru weupe zaidi ya 40. Mwaka 1998 wakaletwa madume sita wakubwa kutoka hifadhi ya Kruger. Mauaji yakakoma. Vijana walipokuta wakubwa wamesimama mbele yao, ile masti yao ikashuka.

Majangili hawachagui kwa kukosea, wanafuata jino refu, na meno yanaota maisha yote, kwa hiyo jino refu maana yake mzee. Tanzania mwaka 2009 ilihesabiwa kuwa na tembo zaidi ya 109,000, mwaka 2014 wakabaki 43,000 na kidogo. Miaka mitano! Kabla ya hapo tulishapita kwenye janga kama hilo hilo, mpaka 1989 ikaja Operesheni Uhai ya jeshi na mwaka huo huo dunia ikapiga marufuku biashara ya meno. Watu wanazungumzia idadi tu kupanda na kushuka, ila kwa jinsi nilivyoelewa mimi idadi ni nusu ya habari, tembo elfu moja vijana watupu sio sawa na tembo elfu moja wenye bibi zao.

Sasa usije ukasema huyu kakaa Arusha mjini anakula chipsi mayai anawatetea tembo. Mjomba wangu ana heka tatu huko njia ya Makuyuni, najua usiku wa kulinda shamba ukoje. Mahindi yakianza kubeba ndio wanakuja, na kwa tembo ile hesabu ni rahisi tu, porini anatafuta kilo mia kwa kutembea siku nzima, shambani zimepangwa kwa mstari, tamu, laini. Sehemu nyingi wanaoingia ni madume, wako tayari kuhatarisha maisha ili wakue miili, familia yenye watoto inaogopa zaidi. Mjomba anakwambia hasikii mguu, maana chini ya nyayo kuna mto wa mafuta unaomeza kishindo, anasikia tu mabua yanavunjika ta, ta, ta, ameshaingia. Anapiga debe, anawasha tochi, wanatumia pilipili iliyochanganywa na oili chafu kupaka kamba kuzunguka shamba, kuna wenye mabomu ya pilipili na wenye honi. Kenya mtafiti Lucy King alianzisha uzio wa mizinga ya nyuki, mizinga inaning'inizwa kila mita kumi kwenye waya, tembo akigusa waya nyuki wanatoka, na tembo pamoja na ukubwa wote ule anaogopa kuumwa ndani ya mkonga. Inasaidia, na asali unauza. Lakini yakishaliwa yameliwa, unaandika maumivu kwa mtendaji ukisubiri kifuta jasho, na mtu akiuawa ni kifuta machozi, na hayo majina yenyewe yanakwambia kwamba hakuna anayejifanya ni fidia kamili.

Mjomba aliniuliza swali moja lililonibakia, anataka kujua tembo mzee anakufaje, maana hajawahi kuona aliyejifia. Jibu liko mdomoni. Tembo anapata magego seti sita maishani, moja ikisagika inasukumwa mbele inadondoka, nyingine inakuja nyuma yake, taratibu kama foleni. Ya sita ikiisha, kwenye miaka 60 na kitu, hakuna nyingine. Hawezi tena kusaga gome, anaanza kukaa sehemu zenye majani laini, kwenye madimbwi na vinamasi kama Silale kule Tarangire, mpaka anakonda anaanguka huko huko. Zile hadithi za makaburi ya tembo nadhani zinatokea hapo, mifupa mingi ya wazee sehemu moja.

Jamaa yangu dereva alishakuta familia imesimama kwenye mifupa. Anasema wageni walikuwa wanaongea, wakanyamaza bila kuambiwa. Majike yalikuwa yanapitisha ncha ya mkonga kwenye fuvu, kwenye meno, moja likanyanyua mguu wa nyuma likaugusisha mfupa taratibu sana kama mtu anayepima maji ya kuoga. Walikaa pale labda nusu saa. Halafu jike mmoja, sio mkubwa kuliko wote kwa mwili ila mwenye mashavu yaliyobonyea ya utu uzima, akageuka akaanza kutembea kuelekea mtoni bila kuangalia nyuma, na wengine wote wakamfuata.